Wakuu, Dar mtumba wa maana unapatikana wapi? Nimechoka kupigwa

kibarua_mpya
Kwema humu wakuu? Mimi mgeni kidogo Dar, huu mwezi wa pili tangu nihamie kutoka Mbeya, nimepata kibarua ofisi moja mjini na wanataka mtu avae kweli, shati la mikono mirefu, suruali ya kitambaa, kiatu cha ngozi. Sasa kabati langu lote ni masweta na makoti ya baridi ya kule kwetu, nikivaa hapa saa nne asubuhi nimelowa kama nimetoka kuoga.

Jumamosi iliyopita nikaenda Kariakoo, hata sijakaa sawa nimeshadakwa na winga, "bosi karibu, nguo za spesho za Uturuki hizi hapa", akanizungusha maduka matatu nikatoka na mashati mawili kwa elfu hamsini. Kufika geto nakagua kola nakuta moja lina alama ya mtu aliyelivaa kabla yangu, limepigwa pasi tu na kuwekwa kwenye nailoni. Yaani nimeuziwa mtumba kwa bei ya duka. Nikasema basi, kama ni mtumba acha nikanunue mtumba kwa jina lake.

Naishi Kimara. Naomba wenyeji mnielekeze: wapi, siku gani na saa ngapi. Pia natafuta mapazia na kafriji kadogo. Viatu navaa 42.

mama_wawili
Hahahaha pole mdogo wangu, winga wa Kariakoo sio ndugu yako hata akikuita bosi mara mia. Yule anapewa chake juu ya bei, kwa hiyo shati la elfu 15 lazima ulisikie elfu 25.

Mimi mambo yangu yote Tandika. Nguo za watoto, mashuka, mapazia, mpaka mabegi ya shule. Kule bei iko chini kwa sababu wateja wenyewe ni sisi wa Temeke na Mbagala, hakuna mtu wa kumringia. Ila kwa nguo za ofisi za kiume sikudanganyi, kuna sehemu za kukushinda macho zaidi ya Tandika.

Mapazia njoo nayo vipimo vya dirisha usije ukakadiria kwa mikono, mie nilishanunua pazia zuri la kizungu limefika nusu ya dirisha, mwaka mzima nimelitandika mezani.

dogo_wa_manzese
Mkuu unakaa Kimara halafu unauliza mtumba uko wapi? Kila siku asubuhi mwendokasi inakupitisha Manzese umelala mdomo wazi. Shuka Tip Top au Manzese yenyewe, vuka, zama ndani. Viatu na jinzi kwa pale utachoka mwenyewe.

kibarua_mpya
@dogo_wa_manzese sijalala kaka, huwa nimesimama mguu mmoja nimebanwa mlangoni, hata dirisha silioni hahaha

mzee_wa_belo
Nimesoma majibu nimeona niseme kidogo maana hii kazi nimeifanya. Nimeuza mashati Karume miaka tisa, niliacha baada ya ule moto wa Januari 2022, Jumapili ile alfajiri, nafika nakuta meza yangu imebaki misumari. Siongelei sana hilo.

Kijana, watu wanakujibu "wapi" lakini hapo kwenye "siku gani na saa ngapi" ndo umeuliza swali. Hayo mashati uliyouziwa Kariakoo inawezekana kabisa yalipita Karume siku tatu kabla. Ngoja nikueleze yanavyotembea.

Belo, yaani robota la mitumba, linatoka godauni limefungwa na mikanda, kilo 45 au zaidi, na huruhusiwi kulifungua uone. Unaambiwa tu haya ni mashati ya Uingereza, gredi wani, unalipa, unabeba. Ni kamari. Mimi nimewahi kufungua belo la mashati ya kiume nikakuta karibu nusu ni sare za shule za watoto wa huko kwao, kola nyeupe tupu, nilikaa chini nikaomba maji.

Sasa belo linafunguliwa alfajiri, saa kumi na moja, kumi na mbili. Hapo wale wa kupointi wameshakuzunguka. Hawa ndo wenye maduka ya Sinza, Kinondoni, wauzaji wa Instagram, wana macho ya mwewe, mkono unaingia kwenye lundo unatoka na shati hata hajaliangalia mara mbili. Wanachagua labda kumi au kumi na tano yale bora kabisa wanalipa bei ya juu bila kelele, na muuzaji hela yake ya belo inaanza kurudi hapo. Yakishatoka hayo yanayobaki yanapangwa mezani au kwenye henga, hiyo ndo bei ya mchana. Yasiponunuliwa siku mbili tatu yanaenda chini kwenye fungu, mtu anapanda juu ya meza anapiga mnada, jero jero jero, buku buku, chagua mwenyewe usichaguliwe. Belo ni moja, bei zake ni tatu, na kinachobadilika ni saa tu.

Wewe hujawa na jicho, kwa hiyo alfajiri usiende, utalipa bei ya pointi kwa shati la fungu na bado watakukanyaga. Nenda kuanzia saa moja hivi mpaka saa tatu. Wa pointi wameshaondoka, meza zimepangwa, jua halijawaka, muuzaji bado anatafuta hela ya kwanza ya siku na hataki kuianza siku kwa kukufukuza. Siku hakuna ya wote, kila muuzaji ana siku yake ya kufungua belo. Ukimpata ambaye vitu vyake umevielewa muulize "unafungua lini tena?", chukua namba yake. Ukishakuwa na muuzaji wako mmoja wa mashati na mmoja wa suruali habari ya kuzunguka soko zima imeisha.

Kutoka Kimara panda mwendokasi ya Gerezani, ukishuka Kariakoo tembea na barabara ya Uhuru kama unaenda Ilala Boma, ama boda. Ukiuliza Mchikichini au Karume ni soko hilohilo.

bonge_mrembo
Huyu mzee apewe maua yake 🙌

Niongezee kwa dada zangu wanaopita kimyakimya. Usikimbilie tu "gredi A", uliza belo limetoka nchi gani. Sie wenye miili tunatafuta ya Uingereza, Kanada, Marekani, huko saizi zipo mpaka unachagua. Za Korea ni nzuri mno, vitambaa laini, mishono ya kisasa, ila vimetengenezwa kwa watu wembamba, nimewahi kung'ang'ania blauzi ya Kikorea mpaka ikaniganda mabegani muuzaji akaja kunisaidia kuivua mbele za watu. Za China nyingi saizi yake ndogo pia na kitambaa ukifua mara tatu kinakuwa na vidonge.

Na saizi za lebo msichanganye jamani. UK 12 ni US 8 ni EU 40. Mtu anaona 40 anaitupa anasema kubwa, kumbe ndo yake.

kibarua_mpya
@mzee_wa_belo shikamoo mzee. Hii nimeipiga skrinishoti. Swali, nikiwa pale mezani nikagueje shati maana juzi nimeona limenyooka tu nikajua zima.

mzee_wa_belo
Marahaba. Shati linakaguliwa sehemu wanazosahau watu wa pasi. Kola kwa ndani pale inapokunjika, ukiona imechanika nyuzi hilo limeshafika mwisho. Kwapa, ligeuze, kama kuna unjano wa jasho la zamani hautoki hata ulale na jiki. Mwisho wa mikono. Halafu linyanyue lielekee juani, tobo dogo la nondo huwezi kuliona likiwa mezani lakini mwanga unalisema. Suruali angalia kwenye msamba na kwenye paja kwa ndani, hapo ndo inapolika, kisha panda na ushushe zipu mara mbili.

Na soma lebo ya ndani. Joto hili la Dar unataka pamba au kitani. Poliesta tupu ukiivaa kwenye mwendokasi saa kumi na moja jioni utaonja.

fundi_charahani
Na mimi kama fundi naomba niweke langu maana mnatuletea nguo tunabaki tunawaangalia. Shati chagua kwa MABEGA. Mabega yakikukaa mengine yote narekebisha, kiuno nabana, mikono nakata, urefu nakata. Mabega yakiwa makubwa ni kulifumua shati zima na utalipa hela ambayo ungenunua mengine mawili. Koti la suti ndo usijaribu kabisa, bega la koti lina mambo ndani yake.

Suruali igeuze uone pindo la chini limekunjwa kiasi gani, kama kuna inchi mbili ndani mtu mrefu ameokoka. Kiuno kupunguza inchi moja mpaka mbili sawa. Zaidi ya hapo msinijie.

dogo_wa_manzese
Viatu mnavisahau. Viatu usiangalie ngozi tu, ngozi inapigwa kiwi inang'aa. Bonyeza soli kwa kidole gumba. Hizi soli laini kama za raba na viatu vya kupanda milima zikikaa miaka mingi godauni zinaoza kwa ndani bila kuvaliwa, nje inaonekana mpya unavaa siku ya kwanza inamegeka kama keki. Rafiki yangu alienda nayo kwenye usaili, soli moja aliiacha kwenye ngazi. Mimi nikiona soli ina vimistari vya kupasuka au inatoa ungaunga hata kwa buku siichukui.

Kiatu cha ofisi tafuta chenye soli imeshonwa, fundi anabadilisha chini unaendelea na maisha. 42 yako ni UK 8.

mzalendo_halisi
Mnafurahia kuvaa marehemu. Wazee walikuwa wanaita hizi nguo "kafa Ulaya" na walikuwa wanaona aibu, leo mnaandikiana uzi mrefu. Mitumba ndo iliyoua viwanda vyetu vya nguo, Urafiki ilijengwa 1968 pale Ubungo ilikuwa inavalisha nchi, iko wapi? Mwatex ya Mwanza iko wapi? 2016 wakubwa wa Afrika Mashariki walikubaliana tuachane nayo taratibu ndani ya miaka mitatu, Rwanda peke yake ndo ilikaza, ushuru wakautoa senti 20 za dola kwa kilo wakaupeleka dola mbili na nusu. Sisi tukaogopa Wamarekani.

mama_wawili
@mzalendo_halisi na hao Rwanda Wamarekani wakawasimamishia nguo zao kwenye AGOA, ule mpango wa kuuza Marekani bila ushuru, 2018, mbona hukumalizia? Halafu viwanda vilianza kuyumba kwa mashine mbovu na uendeshaji mbovu, na kanga za bei rahisi kutoka nje zikaja kumalizia, hizo sio mitumba ni mpya kabisa. Mtoto wangu akirefuka inchi mbili kila baada ya miezi sita wewe mzalendo utamnunulia jinzi mpya? Kama utamnunulia nikupe saizi.

mzalendo_halisi
Ndo maana hatuendelei.

bonge_mrembo
Kaka hiyo avata yako umevaa jezi ya Arsenal ya 2006, ulinunua kiwandani Urafiki? 😂😂

mnunuzi_wa_gikomba
Salamu kutoka Nairobi. Huku kwetu Gikomba ni hivo hivo tu, belo ikifunguliwa zile za kwanza kali tunaita kamera, na zile za mwisho zimebaki chini tunaita fagia. Nimecheka vile mzee amesema bei tatu, ni ukweli mtupu. Mimi naendanga na nguo simpo sana, viatu zimechakaa, simu iko ndani ya soksi. Ukienda umependeza bei inapendeza pia.

kibarua_mpya
Hahaha kamera na fagia nimeipenda. Asanteni sana. Vipi friji wakuu? Kuna jamaa ananiambia ana friji ya mtumba kutoka Ulaya laki mbili na nusu, haijawashwa lakini anasema nzima.

umeme_mdogo
ACHA. Hiyo sentensi "haijawashwa lakini nzima" ilinikula laki tatu. Nilibebewa mpaka nyumbani na kirikuu, nikaiwasha, taa ikawaka nikashangilia, ubaridi mpaka leo nausubiri. Nilivyorudi nikaambiwa "bosi umeme wa kwenu ndo umeua kompresa". Mtaa siutaji na jamaa simtaji, yaliisha.

Sasa nafanya hivi. Nanunua mahali inapochomekwa mbele yangu na nakaa nayo saa nzima, naenda kunywa soda narudi. Kompresa inatakiwa iungurume taratibu, ikipiga tak-tak kila dakika naondoka. Mpira wa mlango unafungia noti ya buku, ukiivuta inatoka bila kubanwa ujue ubaridi nao unatokea hapohapo. Nyuma kuna kibandiko, soma volti. Hapa kwetu ni 230, vitu vya Marekani ni 120 na vya Japani ni 100, ukichomeka bila transfoma ya kushusha umeunguza. Na wakikuletea imelazwa kwenye gari isimamishe ikae masaa kadhaa kwanza kabla ya kuwasha, mafuta ya kompresa yarudi mahali pake.

Usafiri pia uingize kwenye bei. Friji ya laki mbili iko Mbagala wewe uko Kimara, kirikuu na vijana wa kubeba wanakuongezea bei bila kukuuliza.

mama_wawili
Na simu ya mkononi ya mtumba kabla hujatoa hela piga *#06# zile namba zitume kwa meseji kwenda 15090 uone kama zinalingana na simu yenyewe. Na daima dai risiti hata ya kuandikwa kwa mkono yenye jina na namba ya muuzaji. Simu ya wizi ikikutwa kwako wewe ndo utaenda kuielezea.

Nguo za ndani za mtumba msinunue jamani, TBS, shirika la viwango, wamezipiga marufuku zamani na bado mtaona mtu anazipanga hadharani kama nyanya.

mteja_wa_insta
Kwani lazima mtu aende akanyagane? Mimi nanunua kwa akaunti za mitumba za mtandaoni, wanafua, wanapiga pasi, wanapiga picha, wanaleta na boda. Elfu 20 shati. Muda wangu nao ni hela.

mzee_wa_belo
@mteja_wa_insta wala hukosei, hiyo elfu 20 unamlipa yule aliyeamka saa tisa usiku akapointi. Ila mwambie akutumie picha ya kola kwa ndani na ya lebo. Akianza kusema "ni safi dia niamini" tafuta mwingine.

kibarua_mpya
MREJESHO

Jana Jumamosi nimeenda Karume. Nimefika saa moja na robo, nimevaa jezi ya zamani na ndala kama alivyosema jamaa wa Nairobi, begi langu mwenyewe la mgongoni nimelivaa mbele, hela nimezikata kwenye mifuko mitatu, elfu tano tano na buku buku ili nisitoe msimbazi, noti ya elfu kumi, mbele ya mtu halafu niseme sina.

Meza ya kwanza kijana akaniambia elfu 12 shati, nikasema nne, akacheka, nikaondoka taratibu, akaniita kwa elfu nane, nikawa nimeshafika meza ya jirani yake. Huko nikakuta mzee mmoja mpole hapigi kelele, ana mashati tu. Nikaanza kugeuza kola moja moja, kwapa, nanyanyua juani. Akanitazama akaniuliza "umefundishwa na nani?" Nikamwambia nimesoma mahali. Akavuta mfuko chini ya meza akasema basi angalia na haya. Nimechukua manne, elfu sita kila moja, pamba asilimia mia, mabega yamekaa. Anafungua tena Alhamisi, namba yake ninayo.

Viatu nikashuka Manzese wakati wa kurudi. Nimebonyeza soli mpaka kidole kikauma. Vya kwanza vitatu vilikuwa vinatoa unga, vilikuwa vizuri hatari ningevinunua kabisa. Nimepata cheusi cha ngozi soli imeshonwa, elfu 18, muuzaji alianza na 30.

Friji ya laki mbili na nusu nilimwambia jamaa tuiwashe kwanza saa moja. Hajapokea simu yangu tena.

Harufu ya godauni tu ndo inanisumbua, nimefua mara moja bado ipo.

mama_wawili
Hongera mdogo wangu! Loweka kwenye maji ya baridi na siki kikombe kimoja usiku kucha, asubuhi fua na sabuni, anika juani kutwa nzima uligeuze ndani nje. Usipulizie pafyumu juu yake itakuwa harufu mbili.

kibarua_mpya
Asante dada. @fundi_charahani uko maeneo gani nikuletee kazi? Suruali mbili, moja iko poa kupunguza urefu tu. Nyingine kitambaa kizuri sana kizito kidogo cha kijivu, elfu saba, nikashindwa kuiacha. Kiuno chake ni 36. Mimi ni 32. Najua ulichoandika, usinitukane.

fundi_charahani
Inchi NNE?? Kijana nikikupunguzia hiyo mifuko ya nyuma itakutana katikati ya makalio wapeane mkono.

Nipo Mbezi, nicheki inbox. Ilete niione kitambaa kwanza.